Kutafuta soketi mbadala za kuingizia sauti kwenye priampu za zamani: mwongozo kamili

Priampu ya zamani (chombo kinachopokea na kuandaa sauti kabla haijafika kwenye amplifaya) ikianza kuvuma, au upande mmoja ukikatika na kurudi unapogusa waya, watu wengi hukimbilia kubadilisha valvu na kapasita. Mara nyingi ugonjwa uko pale pale sauti inapoingilia: soketi ya nyuma. Ni kipande kidogo, lakini kimechomekwa na kuchomolewa kwa miaka mingi, chumvi ya hewani na jasho la vidole vimekila, na springi yake imelegea.

Soketi zenyewe hazijaadimika. Kazi ngumu ni kupata itakayokaa kwenye tundu lililopo, itakayopeleka ethi (njia ya kurudishia umeme) kule alikokusudia mtengenezaji, na isiyokulazimisha kutoboa chesisi (bati la mwili wa chombo) ambayo hakuna kiwanda kitakachoitengeneza tena. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kupima na kuchunguza, na kununua kunakuja baadaye. Mifano yangu ni miwili: Dynaco PAS ya Marekani, priampu ya valvu iliyouzwa kwa wingi miaka ya 1960, nyingine zikiwa vipande vya mtu kujiungia nyumbani, na Quad 33 ya Uingereza, ya transista, iliyotoka mwaka 1967. Ya kwanza ina soketi za RCA (zenye mguso mmoja wa katikati na ganda la nje), ya pili ina za DIN (za mviringo, zenye pini kadhaa ndani ya ganda moja). Ukizielewa hizo mbili, priampu nyingi za enzi hiyo hazitakushinda.

Hatua ya 1: Hakikisha soketi ndiyo mgonjwa

Zima, chomoa waya ukutani, kisha fungua. Kwenye priampu ya valvu usiguse kitu bado. Kapasita za umeme mkubwa huweza kubaki na chaji hata baada ya kuzima, na ndani ya PAS umeme huo unafika volti mia tatu hivi. Weka mita kwenye volti za DC, upande mmoja ukiwa kwenye chesisi, upime kila pini ya kapasita kubwa. Ikionyesha zaidi ya volti 10, ipunguze taratibu kwa rezista ya kilo-om 10 yenye wati 5, iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Usipige shoti kwa bisibisi. Pima tena, halafu ndipo uingize mkono.

Sasa chomeka plagi nzuri ya RCA kwenye soketi unayoishuku. Weka mita kwenye om, gusanisha ncha zake kwanza uone nyaya za mita zenyewe zina om ngapi, kisha pima kutoka pini ya katikati ya plagi hadi kwenye ulimi wa soketi uliolehemiwa waya kwa ndani. Ukiondoa zile om za mita, kinachobaki kinapaswa kuwa karibu na sifuri. Tikisa plagi huku ukitazama. Namba ikirukaruka, springi ya katikati imechoka au ina kutu. Rudia kwa ganda la nje hadi ulimi wa ethi.

Kuna kipimo kimoja kinachowachanganya mafundi wapya. Ukipima kati ya pini ya katikati na ganda kwenye soketi ya santuri, mita itaonyesha takriban om 47,000, nawe utadhani kihami (kitu kinachozuia umeme kupita) kimevuja. Hapana. Hiyo ni rezista ya mzigo wa kichwa cha santuri cha sumaku (kile kinachobeba sindano), na thamani yake ya kawaida ni kilo-om 47. Ukitaka kupima kihami chenyewe, achanisha kwanza waya wa katikati. Hapo mita isionyeshe muunganisho wowote.

Uchunguzi huu uanzie kwenye soketi za santuri. Kichwa cha sumaku hutoa milivolti chache tu, wakati tyuna au sidii hutoa kuanzia mamia ya milivolti hadi volti mbili. Kasoro ndogo ya ethi ambayo husikii kabisa kwenye tyuna, kwenye santuri hugeuka mvumo wa kuudhi.

Hatua ya 2: Jaribu kuiponya kabla ya kuitoa

Soketi ya asili inayofanya kazi ina thamani kuliko mpya inayong'aa. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na pamba ya kijitini, ndani na nje, kisha tia tone la dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Usitumie msasa. Utaondoa nikeli au stani iliyopakwa juu, na shaba iliyo chini itachakaa upesi, hasa ukiishi karibu na bahari. Kifutio cha penseli kinatosha kwa ganda la nje.

Springi ya katikati iliyopanuka inaweza kurudishwa kwa sindano nyembamba, ukisukuma kila jani kidogo kuelekea ndani. Kama plagi inacheza kwenye ganda, tatizo kwa kawaida ni plagi yenyewe, kwa kuwa meno ya kubana yako upande wake. Yabane kidogo kwa koleo.

Halafu kuna ugonjwa ambao hauonekani kwa macho, nao ndio ninaoukuta mara nyingi zaidi. Kwenye vibao vya finoliki (plastiki ngumu isiyopitisha umeme), ulimi wa ethi umebanwa chini ya ganda kwa kupondwa tu, bila kulehemiwa. Miaka ikipita, kutu nyembamba huingia kati yao. Waya umelehemiwa vizuri kwenye ulimi, ganda linang'aa, lakini kati ya ulimi na ganda hakuna mguso wa kuaminika. Dawa yake ni kukwangua kidogo mahali vinapokutana, kupaka flaksi (dawa ya kulehemia), na kupitisha risasi juu ya vyote viwili kwa pasi yenye ncha pana na moto wa kutosha. Fanya haraka, kwa sekunde mbili au tatu, kwa kuwa finoliki ikipikwa huwa nyeusi na hupoteza uhami wake. Nimeona priampu zilizokuwa zikingoja soketi mpya zikinyamaza kabisa baada ya kazi hiyo moja.

Kama kibao kimepasuka, kimeungua, au springi imevunjika, sasa una sababu ya kutafuta mbadala.

Hatua ya 3: Chora ramani ya ethi

Hatua hii haihitaji pesa, na ndiyo inayoamua ununue nini. Piga picha za karibu kabla ya kugusa waya wowote. Kisha, kwenye karatasi, chora kila soketi, rangi ya waya wake wa katikati, na mahali ethi yake inapokwenda.

Priampu nyingi za wakati ule hazikutaka ganda la soketi liguse chesisi moja kwa moja. Ethi za soketi ziliunganishwa kwa waya mmoja, na waya huo ukagusa chesisi mahali pamoja tu. Kibao cha finoliki kilikuwa hapo kwa sababu hiyo: kushika soketi na kuzitenga na bati. Ukiweka soketi za chuma zisizo na kihami kwenye chesisi ya aina hiyo, kila moja itagusa bati mahali pake, umeme wa ethi utapata njia nyingi za kuzunguka, na utaingiza mvumo ambao haukuwepo.

Pima basi, waya za ethi zikiwa zimeachanishwa: je, ganda la kila soketi linagusa chesisi? Kama haligusi, andika kwa herufi kubwa juu ya karatasi: ZENYE KIHAMI. Kama linagusa, angalia ni zote au ni moja tu.

Hatua ya 4: Pima vitu vinne

Tafuta kalipa (kifaa cha kupimia upana kwa usahihi). Rula haitoshi, kwa kuwa tofauti ya nusu milimita inaweza kukulazimisha kushika tupa.

Kwanza, upana wa tundu kwenye chesisi. Soketi nyingi za Kimarekani zisizo na kihami huingia kwenye tundu la robo inchi, yaani milimita 6.35. Zenye washa (pete) za kihami huhitaji karibu milimita 9.5 au 10, kwa sababu bega la washa lazima liingie ndani ya tundu. Soketi ikiandikwa kuwa ina kihami lakini bega lake haliingii, nyuzi zake za kukazia nati zitagusa bati hata kama washa bapa zipo pande zote mbili.

Pili, umbali kutoka katikati ya soketi moja hadi katikati ya nyingine. Watengenezaji wa zamani walizibananisha sana, maana plagi za wakati ule zilikuwa nyembamba. Pima pia unene wa plagi utakazotumia. Plagi ya kisasa yenye mwili wa milimita 14 haiwezi kukaa jirani na mwenzake kwenye safu ya milimita 13, hata soketi iwe nzuri kiasi gani.

Tatu, umbali kati ya matundu ya ribiti yanayoshika kibao. Nne, kina kilichopo ndani, kuanzia kwenye bati hadi kitu cha kwanza utakachogonga. Baadhi ya soketi za kifahari ni ndefu mno, na ulimi wake utagusa swichi ya kuchagulia.

Angalia vilevile umbo la tundu. Chesisi nyingi hazina tundu moja kwa kila soketi. Zina mwanya mmoja mrefu au tundu kubwa ambalo kibao kizima hulifunika. Hapo soketi moja moja haina pa kushika. Utahitaji kibao kipya, na nitaeleza namna ya kukikata.

Hatua ya 5: Mahali pa kutafuta

Chanzo kizuri kuliko vyote ni chombo kingine kilichokufa, cha umri ule ule. Resiva za Kijapani za miaka ya 1970, dekki za kaseti na priampu zilizoungua transfoma hubaki na safu nzima za soketi nyuma yake. Pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, au Kariakoo, Dar es Salaam, usiulize soketi mpya peke yake. Uliza mafundi wana mizoga gani. Nenda na karatasi yako ya vipimo na kalipa mfukoni, upime hapo hapo dukani.

Kwa mpya, Switchcraft ya Marekani bado inatengeneza soketi za RCA zenye umbo lile la kizamani, ndogo na nyepesi, zinazoendana na chesisi za zamani. Rean, ambayo ni chapa ya Neutrik, ina za bei nafuu zenye rangi. Wauzaji wakubwa kama Mouser, DigiKey, Farnell na RS huweka mchoro wa vipimo kwa kila soketi, na huo mchoro ndio wa kuusoma kabla ya kutazama picha. Ukitafuta mtandaoni, Wamarekani huandika RCA, Waingereza phono, Wajerumani Cinch. Kitu ni kile kile, na kutafuta kwa majina yote matatu huleta mali ya ghala la zamani ambayo wengine hawaioni.

Tahadhari na soketi za Neutrik zenye umbo la D. Ni imara, zinafaa studio, lakini zinataka tundu la milimita 24. Kuziweka kwenye priampu ya mwaka 1960 ni kuiharibu.

Kwa soketi za madukani zisizo na jina, fanya majaribio mawili. Lete sumaku: shaba ya manjano haivutwi, na nikeli iliyopakwa juu huvutwa kidogo sana; ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma, na kwenye hewa ya pwani kitaota kutu. Kisha nunua moja ya ziada, ishike kwa koleo, uilehemu kwa sekunde tatu. Kihami chepesi cha plastiki kitayeyuka na pini ya katikati itainama. Kihami cha Tefloni hakitajali, kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327, na mguso mfupi wa pasi haukifikishi huko.

Kuhusu dhahabu: faida yake ni kwamba haipati kutu, na mahali penye unyevu hiyo ni faida ya kweli. Lakini plagi ya dhahabu kwenye soketi ya stani ni ndoa mbaya, kwa sababu stani hupata kutu kwa kusuguana kidogo kidogo mahali zinapogusana. Chagua aina moja pande zote mbili. Nikeli kwa nikeli, ikisafishwa, inafanya kazi vizuri kwa miaka mingi.

Hatua ya 6: Kutoa za zamani

Achanisha waya moja moja na uweke kila moja lebo ya karatasi. Ribiti za kibao zitolewe kwa drili ya mkono, ukitumia kekee ya milimita 3 hivi na kula kichwa cha ribiti tu. Kichwa kikilegea, sukuma mwili wake kwa kipini. Usitoboe hadi upande wa pili, utapanua tundu la chesisi. Kabla ya kuanza funika sehemu zote za ndani kwa kitambaa kilicholowana kidogo. Chembe moja ya chuma kati ya miguu ya swichi au chini ya soketi ya valvu itakuletea shoti miezi mingi baadaye, nawe utakuwa umesahau ilikotoka. Ukimaliza, vuta vumbi kwa mashine.

Kwenye PAS fanya kazi hii upande mmoja kwa wakati. Upande wa pili ukiwa bado mzima unakuwa kielelezo chako, bora kuliko picha.

Hatua ya 7: Kukata kibao kipya

Kama kibao cha zamani hakifai, kitumie kama ramani. Kilaze juu ya karatasi, chora matundu yote, bandika karatasi hiyo juu ya kipande cha faiba ya bodi za umeme, unene wa milimita 1.6, kisichokuwa na shaba. Piga alama kwa senta panchi, toboa kwa kekee ndogo kwanza, kisha panua polepole hadi kipimo cha soketi. Vaa barakoa, maana vumbi la faiba ni baya kwa mapafu.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kibao chenyewe ni kihami. Unaweza kutumia soketi rahisi zisizo na washa za kihami, ukaunganisha maganda yake kwa waya mmoja mnene wa shaba, na ethi ikabaki kama ilivyokuwa kwenye ramani yako. Funga kibao kwa skrubu na nati za M3 kupitia matundu ya ribiti. Yakiwa madogo, skrubu ya Kimarekani ya 4-40 ni nyembamba kidogo, milimita 2.8. Kwa njia hii chesisi haijapata tundu jipya hata moja, na mmiliki atakayefuata anaweza kurudisha kibao cha asili akikipata.

Hatua ya 8: Kulehemu

Kaza nati kabla ya kulehemu, na weka washa yenye meno ili soketi isizunguke. Soketi inayozunguka hukata waya wake yenyewe. Chomeka plagi ya zamani ndani ya soketi wakati wa kulehemu: inashika pini katikati na kunyonya joto la ziada. Pasi ya nyuzi 350 hivi inatosha kwa ndimi, na risasi ya 60/40 inaiva haraka kuliko ile isiyo na madini ya risasi. Kwa waya wenye wavu, lehemu wavu upande ule ule uliokuwa umelehemiwa awali. Kama ulikuwa umeachwa wazi upande mmoja, uache hivyo, kwa kuwa mtengenezaji alifanya makusudi.

Kama soketi ni za DIN

Quad 33 na vyombo vingi vya Ulaya vya wakati huo vina DIN ya pini tano, zilizopangwa kwenye nusu duara. Habari njema ni kwamba soketi hiyo haijafa: mfumo wa MIDI wa vinanda vya kielektroniki, uliotangazwa mwaka 1983, ulichagua umbo lile lile, kwa hiyo duka la vyombo vya muziki au muuzaji yeyote wa vipuri anaweza kuwa nayo. Hakikisha ni ya nyuzi 180. Ipo pia ya nyuzi 240 yenye pini tano, nayo haiingiliani.

Soketi inafaa, waya wa MIDI haufai. MIDI hutumia pini 4, 5 na 2 tu, na waya nyingi hazijaunganisha 1 na 3. Katika mpangilio wa kawaida wa sauti, pini 2 ni ethi, 3 ni kushoto na 5 ni kulia kwa kinachoingia, na 1 na 4 ni za kurekodia. Ukitumia waya wa MIDI utakosa upande wa kushoto na kuilaumu priampu bure. Namba za pini husomwa kwenye soketi yenyewe, zimechapwa karibu na ndimi. Zifuatane 1, 4, 2, 5, 3. Linganisha na mchoro wa chombo chako, maana baadhi ya soketi zilipewa kazi ya pekee.

Kama soketi za DIN ni nzima na unachotaka ni kuchomeka waya za RCA tu, usibadilishe chochote. Tengeneza waya mfupi wenye plagi ya DIN upande mmoja na soketi mbili za RCA upande wa pili. Wanaotoboa Quad 33 ili kuweka RCA hupunguza thamani yake kwa jambo ambalo waya wa nusu mita ungemaliza.

Hatua ya 9: Kuwasha

Rudia vipimo vya hatua ya 1 kwa kila soketi mpya. Hakikisha maganda hayagusi chesisi pale ambapo ramani inasema yasiguse. Kama chombo kimetoka Marekani, soma volti iliyoandikwa nyuma kabla ya kukichomeka: nyingi ni za volti 117 au 120, na kwenye umeme wetu wa 230 transfoma itaungua bila kutoa onyo. Tumia transfoma ya kushusha.

Washa bila kuchomeka chochote, sauti ikiwa chini, kisha ipandishe ukisikiliza. Chomeka plagi iliyopigwa shoti ndani yake kwenye kila mlango. Mvumo ukiisha kwa shoti na kurudi ukiweka kicheza santuri, kosa liko kwenye waya wa santuri au ethi ya mkono wake. Ukibaki hata kwa shoti, rudi kwenye ramani ya ethi, achanisha waya wa ethi ya soketi kwenye chesisi, na upime tena kama bado kuna mguso. Ukiwepo, kuna ganda moja linalogusa bati, na mara nyingi ni lile ambalo washa yake haikukaa sawasawa ndani ya tundu.